Pole, Samahani, Nisamehe: Tafakari juu ya Neno Moja la Kiingereza



Ndugu wapendwa, juma hili tumeona vema tutafakari pamoja neno moja la Kiingereza ambalo hata asiyepata kukaa darasani analifahamu. Ni neno "sorry". Limekwisha kuingia katika nyumba zetu, katika daladala na katika simu zetu za mkononi, likavishwa vazi la Kiswahili na kuwa "sori". Mtoto aliyemwaga uji husema sori. Kondakta aliyemkanyaga abiria husema sori. Mhudumu wa dirishani anayemwambia mzee kwamba muda umekwisha, arudi kesho, naye husema sori. Na mtu aliyevunja ahadi ya miaka mingi huandika sori, herufi nne tu, kisha akairudisha simu mfukoni. Neno moja linazifanya kazi zote hizo. Je, ni kazi moja?

Huenda baadhi yenu mkajiuliza padre ana habari gani na msamiati wa Kiingereza. Hatukusudii kuugeuza ukurasa huu kuwa darasa la lugha. Lakini sisi tuliopewa utume wa kuwasikiliza watu tumeona mara nyingi jinsi nyumba inavyoweza kukaa miezi mingi bila amani, si kwa sababu hakuna aliyesema neno, bali kwa sababu neno lililosemwa halikuwa lile lililosubiriwa. Mmoja anaapa kwamba aliomba msamaha. Mwingine anaapa kwamba hajaombwa. Na wote wawili wanasema kweli. Basi inafaa tulichunguze neno lenyewe.

Tuanze na asili yake. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa "sarig", nalo lilitokana na "sar", maana yake maumivu au kidonda. Watu wengi, hata Waingereza wenyewe, hudhani kwamba limezaliwa na lile neno lao la huzuni, "sorrow", kwa kuwa yanafanana kwa sauti. Kumbe kwa asili ni maneno mawili mbalimbali, ambayo matumizi ya karne nyingi yameyasogeza karibu. Kwa hiyo mtu wa kwanza kulitamka neno hilo alikuwa anasema tu kwamba anaumwa, ana donda ndani yake. Hakuwa anakiri kosa lolote.

Kutoka katika donda hilo neno limezaa watoto wengi. Mtu akifiwa, mwenzake Mwingereza humwambia kwamba yu "sorry" kwa msiba wake. Asiyesikia vizuri hulitamka kwa sauti ya kupanda, naye huwa anauliza, "Umesema nini?" Anayetaka kupita katikati ya watu hulitamka ili wampishe. Aliyetaja Jumanne badala ya Jumatano hulitamka ili ajisahihishe. Duka likifungwa, hutundikwa mlangoni kibao chenye neno hilo, maana yake leo hupati kitu. Anayemwonea maskini huruma husema anajisikia "sorry" kwa ajili yake. Likitangulia jina la kitu, huonyesha kwamba kitu hicho ni duni na cha kusikitisha, kama nyumba inayokaribia kuanguka. Anayemtisha mwenzake humwambia kwamba siku moja atakuwa "sorry", yaani atajuta. Na hatimaye, aliyemkosea mwenzake hulitumia kuomba msamaha. Tukihesabu kwa haraka tunapata matumizi tisa, na pengine wenye lugha yao wangeongeza mengine.

Sasa tutazame upande wetu. Kiswahili kimeigawa kazi hiyo kwa maneno kadhaa, na kila neno lina mlango wake.

Mlango wa kwanza ni "pole". Neno hili ni la anayeumia, bila kujali nani amemuumiza. Twasema pole na kazi, pole na safari, poleni na msiba. Hatukumpa yule mtu kazi ile, wala hatukumtuma safari ile, na bila shaka hatukumletea msiba. Lakini twaona si utu kumwacha abebe peke yake. Naye hujibu, "Asante, nimeshapoa," kana kwamba neno letu lilikuwa upepo uliolipuliza jeraha lake.

Mlango wa pili ni "samahani", na jirani yake "kumradhi". Haya hutumika hasa kwa usumbufu mdogo: tunapoomba njia, tunapokatiza maneno ya mkubwa, tunapomwuliza mgeni jina lake kwa mara ya pili. Wazee wa pwani, kabla ya kutaja jambo linaloona haya kutajwa, hutanguliza "ashakum si matusi". Ni adabu ya kubisha hodi kabla ya kuingia.

Mlango wa tatu ndio mzito kuliko yote: "nimekukosea, nisamehe", au kama wasemavyo wengine, "niwie radhi". Neno radhi, tulilolipokea kutoka Kiarabu, lina maana ya kuridhika. Ndiyo maana mwana anayeondoka nyumbani hutafuta radhi za wazazi wake. Kumtaka mtu radhi, basi, ni kuuomba moyo wake ulioudhika urudi kuridhika. Na jambo hilo liko mikononi mwake, wala si mikononi mwetu. Asemaye pole anatoa kitu. Asemaye nisamehe anaomba kitu, na anaweza kunyimwa. Hapo ndipo penye tofauti, nasi twawasihi muikumbuke katika yote yanayofuata.

Wageni wengi wanaokuja kwetu hushangazwa na jambo moja. Mgeni akijikwaa njiani, mwenyeji anayezungumza naye Kiingereza humwambia mara moja, "Sorry!" Mgeni huyo hujibu kwa mshangao kwamba si kosa lako. Hajui kwamba mwenyeji hakuwa anakiri kosa. Alikuwa anasema pole kwa kutumia neno pekee la Kiingereza lililo karibu. Huko Nigeria na Ghana mambo ni yayo hayo. Kwa kufanya hivyo Waafrika wamelirudisha neno hilo karibu na shina lake la kale: wewe umeumia, nami naona uchungu.

Ndugu wapendwa, pole ni hazina, nasi tusiione kuwa kitu cha kawaida. Iko nchi ambako watu walilazimika kutunga sheria ili waweze kuambiana pole bila hofu. Katika jimbo la Massachusetts, nchini Marekani, binti wa mbunge mmoja wa jimbo hilo aligongwa na gari mwaka 1974 akiwa juu ya baiskeli, akafa. Aliyemgonga hakupata kuwaambia wazazi neno la masikitiko, kwa kuogopa kwamba neno hilo lingechukuliwa mahakamani kuwa ni kukiri hatia. Mwaka 1986 jimbo hilo likapata sheria inayosema kwamba maneno ya huruma kwa mtu aliyeumia katika ajali, au kwa jamaa zake, hayatakuwa ushahidi wa hatia. Majimbo mengi ya Marekani yakafuata kwa namna mbalimbali. Nchini Canada jimbo la British Columbia lilipata sheria ya kuomba radhi mwaka 2006, na jimbo la Ontario mwaka 2009. Huko sheria ilikwenda mbali zaidi, ikalinda hata maneno ya radhi yenye kukiri kosa. Tazameni wazazi wale. Walikuwa na msiba, na mtu mmoja ambaye pole yake ingekuwa na uzito kuliko ya wote alinyamaza, kwa sababu katika lugha yake pole na hatia zilivaa nguo moja.

Lakini nguo hiyo moja ina hatari nyingine, nayo ni kubwa zaidi. Mwenye hatia anaweza kujificha ndani yake akaonekana kama mwombolezaji.

Tuchukue mfano unaojulikana ulimwenguni. Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani wa China, Wang Wei, alipotelea baharini. Ndege ya Marekani ilitua kisiwani kwa dharura ikiwa na watu 24, nao wakazuiliwa. China ilidai kuombwa radhi. Marekani haikukubali kwamba kosa lilikuwa lake. Hatimaye, tarehe 11 Aprili, balozi wa Marekani alikabidhi barua ambamo neno "sorry" lilitumika mara mbili, kila mara likitanguliwa na neno la kukazia: mara moja kwa ajili ya kupotea kwa rubani, na mara moja kwa ajili ya ndege kuingia katika anga la China na kutua bila kibali cha maneno. Serikali ya China iliwatangazia wananchi wake kwa maneno ya Kichina yaliyo karibu na kuomba radhi. Serikali ya Marekani iliwaambia wananchi wake kwamba haikuomba radhi. Neno lilikuwa hilohilo moja. Watu 24 wakarudi makwao salama, nasi hatuwezi kuuchukia ufumbuzi uliookoa amani. Lakini tujiulize: mjane wa rubani yule alipewa nini? Aliambiwa pole, au aliombwa msamaha? Barua yenyewe haimwambii.

Mfano wa pili watoka Australia. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, watoto wa wenyeji wa asili wa nchi ile walichukuliwa kwa nguvu kutoka kwa wazazi wao, wakapelekwa kulelewa na watu wengine au katika taasisi, zikiwamo za makanisa. Twasema hilo bila kuficha. Mwaka 1997 ripoti ya taifa ililiweka jambo hilo wazi, na waathirika wakangoja neno moja. Waziri Mkuu wa wakati ule, John Howard, alileta bungeni mwaka 1999 hoja ya kuonyesha masikitiko ya dhati, lakini neno "sorry" hakulitamka kwa niaba ya serikali, akishikilia kwamba kizazi cha leo hakipaswi kubebeshwa hatia ya wale waliotangulia. Tarehe 28 Mei 2000 umati mkubwa wa watu ulivuka kwa miguu daraja la bandari ya Sydney, na juu yao ndege ikaliandika neno hilo kwa moshi angani. Hatimaye tarehe 13 Februari 2008 Waziri Mkuu Kevin Rudd alilitamka bungeni, wazee waliochukuliwa wakiwa watoto wakisikiliza, na wengi wakalia.

Kuna jambo moja hapo linalotugusa sana. Wenyeji wa asili wa Australia, wanapozungumza Kiingereza, hulitumia neno "sorry" kwa ajili ya matanga. Shughuli zote za kuomboleza marehemu huitwa kwa neno hilo. Kwa hiyo siku ile bungeni masikio yao yangeweza kulisikia kwa namna mbili kwa pamoja: taifa linakiri kosa lake, na taifa limekuja kuketi matangani. Pengine ndiyo sababu masikitiko ya mwaka 1999 hayakuwatosha. Kusikitika mtu aweza kufanya akiwa mbali. Matangani lazima aje.

Nasi Afrika Mashariki tumeyaona. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza bungeni, kwa kinywa cha Waziri wa Mambo ya Nje William Hague, masikitiko yake ya dhati kwa mateso waliyopata Wakenya wakati wa vita vya Mau Mau, ikakubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya paundi milioni 19.9. Hata hivyo ilishikilia kwamba haikubali dhima kisheria. Miaka kumi baadaye, tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles wa Tatu alisema jijini Nairobi kwamba matendo yale hayana udhuru, akataja huzuni na masikitiko makubwa, lakini wengi waliosikiliza waliona kwamba ombi la msamaha halikuwamo.

Siku moja tu baadaye, tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikuwa Songea, kusini mwa Tanzania. Alikutana na wazao wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa vita vya Majimaji. Alisema anaona aibu, na akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu wa watu wale. Familia ile bado ilikuwa inalitafuta fuvu la mzee wao, naye akaahidi kwamba Ujerumani itajitahidi kulitafuta. Hatutaki kuwapima viongozi hawa mioyo. Mwenye kuijua mioyo ni Mungu peke yake. Wala hatusemi kwamba maneno ya siku moja yameimaliza historia. Twasema tu kwamba sikio la mwanadamu lina akili: lilisikia Nairobi pole nzito, na likasikia Songea nisamehe, na halikuhitaji mkalimani kuzitenganisha.

Ndugu wapendwa, ni rahisi kuwahukumu wafalme na mawaziri. Tuingie sasa katika nyumba zetu.

Kuna mke na mume waliofika kwetu kupatanishwa, nasi twasimulia habari zao kwa ruhusa yao, bila kuwataja. Mke alikuwa mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa. Kwa mwaka mzima alikuwa ameweka akiba kidogo kidogo kwa ajili ya ada ya mtoto. Mume alizichukua fedha zile pasipo kumwambia, akaziingiza katika biashara ya rafiki yake, nazo zikapotea. Mtoto akarudishwa nyumbani. Mume akiwa safarini alimwandikia mkewe ujumbe: "Sori kwa yaliyotokea." Basi. Tangu siku ile waliishi nyumba moja kama wapangaji wawili.

Walipoketi mbele yetu, mume alisema kwa uchungu, na bila hila yoyote, kwamba yeye alikwisha kuomba msamaha, na hajui mwenzake anataka nini zaidi. Mke akajibu kwa sauti ya chini, "Baba, wewe umenipa pole. Umesema yaliyotokea, kama vile mvua ilinyesha. Hayakutokea. Uliyafanya wewe."

Pakawa kimya. Sisi nasi hatukuwa na la kuongeza, kwa maana mama yule asiyejua Kiingereza alikuwa amelichambua neno la Kiingereza kuliko kamusi. Baada ya muda mume alisema, "Mama watoto, fedha zako nilizichukua mimi. Sikukuambia kwa sababu nilijua utakataa. Mtoto amekaa nyumbani kwa ajili yangu. Nisamehe. Nitazirudisha kila mwezi mpaka ziishe, hata ikichukua miaka miwili." Mke hakumkumbatia, wala hakulia kwa furaha. Alisema tu, "Sasa nimekusikia." Walirudi kwetu mara kadhaa baadaye, na fedha zilikuwa zinarudi. Njia yao haikuwa fupi, lakini ilianza pale, katika sentensi yenye mtendaji.

Kanisa linaifahamu hekima hiyo tangu zamani. Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulipofundisha juu ya Sakramenti ya Kitubio, ulitaja matendo matatu ya mwenye kutubu: majuto, maungamo na malipizi. Majuto ni lile donda la moyoni, ile maana ya kale ya neno la Waingereza. Maungamo ni kulitaja kosa kwa jina lake, na kusema ni langu. Malipizi ni kuanza kukirekebisha kilichoharibika. Mume yule, pengine bila kujua, alipitia yote matatu katika maneno machache. Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa na la kwanza tu, tena nusu yake.

Maandiko nayo yanatuonyesha watu waliojua kutofautisha. Rafiki zake Ayubu walipofika na kuona mateso yake, waliketi naye chini siku saba bila kusema neno. Hiyo ilikuwa pole iliyo kamili, nao waliiharibu walipoanza kumtafutia kosa asilolitenda. Mwana mpotevu hakurudi kumwambia baba yake kwamba anasikitika kwa hali ilivyokuwa. Alikiri kwamba ametenda dhambi juu ya mbingu na mbele ya baba. Naye Zakayo hakuishia katika kukiri. Aliahidi kumrudishia mara nne yeyote aliyemdhulumu. Hayati Papa Fransisko alipenda kuwakumbusha wanandoa maneno matatu ya kulinda nyumba: naomba, asante na samahani. Na alipowatembelea wenyeji wa asili wa Canada huko Maskwacis, tarehe 25 Julai 2022, kuomba msamaha kwa sababu ya mabaya waliyotendewa watoto wao katika shule za bweni, alisema wazi kwamba kuomba msamaha si mwisho wa jambo, bali ni hatua ya kwanza.

Hata hivyo tusijivunie Kiswahili kupita kiasi, kana kwamba lugha itatutakasa. Nasi tuna maficho yetu. Wapo wanaosema, "Kama nimekukosea, samahani," na ile "kama" inalifuta kosa kabla halijakiriwa. Wapo wanaosema, "Basi, yaishe," wakiwa ndio walioanzisha, wakitaka yaishe kwao hali kwa mwenzao ndiyo kwanza yanaanza. Wapo wanaoleta "samahani" ya mlangoni, ile ya kuomba njia, mahali ambapo nyumba nzima imebomoka. Neno dogo kwa kosa kubwa ni kama kumfunika mgonjwa wa baridi kwa leso. Na wapo, la kusikitisha zaidi, wanaomlazimisha mtoto aseme "nisamehe" huku wamemshika sikio. Mtoto huyo hujifunza kwamba neno hilo ni kodi ya kuachiliwa, wala si mlango wa kurudi.

Aidha, tuwakumbuke wale walio upande mwingine kabisa. Kuna watu wanaoomba msamaha mchana kutwa kwa makosa yasiyo yao. Mama aliyezaa mtoto mwenye ulemavu anawaomba radhi wakwe zake. Mjane anawaomba radhi ndugu wa mume kwa kuwa hai. Mke aliyepigwa ndiye anayekwenda kupiga magoti ili amani irudi. Kwa watu hawa "nisamehe" imekuwa mzigo waliotwikwa na wengine. Twataka kuwaambia kwa upendo, na kwa uwazi: ninyi mlistahili kuambiwa poleni. Tena baadhi yenu mlistahili kuombwa msamaha. Msikubali kubadilishana nafasi na aliyewaumiza, na msiite jambo hilo unyenyekevu. Kristo mwenyewe, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, hakujibu kwa kisasi, lakini pia hakuomba radhi. Aliuliza amekosa nini.

Basi, wapendwa, tufanye nini na neno letu la herufi nne? Hatuwaagizi mlifukuze. Litaendelea kutufaa pale abiria anapokanyagwa na uji unapomwagika. Lakini juma hili tunawaomba kila mmoja, kabla hajaliandika au kulitamka, ajiulize swali moja: mwenzangu huyu anaumwa na nini, na je, donda hilo ni mkono wangu? Ikiwa si mkono wangu, nimpe pole iliyo kamili, nikiwezekana nikae naye kidogo, nisimharakishe kupoa. Ikiwa ni mkono wangu, nisijifiche nyuma ya "yaliyotokea". Niseme nililofanya, nimwombe, nianze kulirekebisha, kisha nimwachie uhuru wa kujibu siku atakayoweza. Na yule anayeombwa asione haya kusema, "Nimekusikia, nipe muda." Hilo nalo ni jibu la Kikristo, mradi mlango haukukomelewa.

Katika jumuiya zetu ndogondogo, mnaweza kulijadili jambo hili mkutanapo: je, nyumbani kwetu ni neno gani linalosemwa kwa urahisi, na ni lipi ambalo halijasikika kwa miaka mingi? Pengine yupo mtu, si mbali, ambaye amekwisha kupewa "sori" nyingi na bado anangoja neno moja tu. Asingoje mpaka siku ya matanga, ambapo wote tutafika kusema pole, na hakutakuwa tena na wa kumwambia nisamehe.

Mungu wa amani awajalie masikio ya kusikia na vinywa vya kusema lililo kweli. Tunawatakia Dominika njema na juma lenye baraka.